MASWALI YA WASOMAJI: Hivi kweli pati tuu inaweza kuipiku pati wani?

Toleo lililopita nligusia kwa sentensi moja tu, tena kwa kupita, kwamba Paddington 2, ile muvi ya dubu wa kutoka Peru, ni kali kuliko Paddington ya kwanza. Basi jamani, meseji zimemiminika. Wengine wananipongeza, wengine wanataka nivuliwe ukurasa huu leo leo. Nimechagua chache nijibu, nyingine zilikuwa matusi matupu nimeziacha.

SWALI: Shikamoo anko. Mi naona umetuingiza chaka. Ile Paddington ya kwanza ndo yenyewe, pale dubu anapofika London hana mtu, familia ya Brown inamchukua, afu anafurikisha lile bafu mpaka anateremka ngazi na maji. Pati tuu siku zote ni ya kukamua hela tu, watu wanajua ya kwanza ilipendwa wanatoa nyingine. Umetumia kigezo gani? (Mbishi wa Muvi)

JIBU: Marahaba mbishi wangu. Kwanza sijasema ya kwanza ni mbaya, ile ya 2014 ni nzuri sana na sini ya bafu hata mi naipenda. Ila hebu ihesabu vizuri ile muvi, nusu nzima inaenda kwenye utambulisho, dubu katokea wapi, Peru kulikuwaje, tetemeko lile, shangazi Lucy kamtuma kwa nini, baba Brown anamkataa anamkataa mpaka anamkubali, na hapo hapo kuna adui naye lazima aingizwe, yule mama aliyecheza Nicole Kidman anayetaka kumuua dubu amkaushe awe pambo la makumbusho. Vitu vingi mno kwa muvi moja, na mi naona yule adui kama amebandikwa tu, ukimtoa hadithi ya dubu na familia bado inatembea.

Sasa njoo 2017. Mwongozaji ni yule yule, Paul King, safari hii skripti kaandika na Simon Farnaby, na hawana haja ya kumtambulisha mtu. Wanaanza na asubuhi moja mtaani. Paddington anaamka anatoka nyumbani na kila jirani ana kitu chake na yule dubu. Kuna daktari mmoja anaitwa Dr Jafri, huyu kila akitoka anasahau funguo ndani, na ni Paddington anayemkumbusha. Kachekesho kadogo, kanapita kwa sekunde chache wala hukaweki akilini. Baadae dubu anafungwa jela kwa kosa asilofanya, na unaona mtaa ule ule bila yeye, watu wamenuna, na daktari wa watu kajifungia nje. Hamna aliyetoa hotuba ndefu kwamba tumemmiss dubu, funguo tu zimetosha. Hiyo ndo tofauti ninayoisema mimi, kwenye ya kwanza vichekesho ni vichekesho, kwenye ya pili kila kichekesho kinawekwa mapema kinakuja kufanya kazi mbele.

Na nikuongezee nyingine maana umenichokoza mwenyewe. Dubu anataka kumnunulia shangazi Lucy zawadi, bibi anatimiza miaka 100, na zawadi yenyewe ni kitabu cha zamani ambacho ukifungua kurasa majengo ya London yanainuka ya karatasi. Ni ghali, kwahiyo anatafuta vibarua, anaanzia kwa kinyozi na ile mashine inamtoka mikononi inachimba barabara kichwani kwa mzee mmoja wa watu. Unacheka, unasahau. Dakika nyingi baadae kitabu kimeibiwa, Paddington yuko kizimbani anasingiziwa, anainua macho amuone jaji, na jaji ni NANI? Yule yule mzee wa kichwa. Miaka kumi jela hiyo hapo.

Afu angalia familia. Mwanzoni tunaambiwa haraka haraka kila mmoja yuko na mambo yake, baba Brown kaanza yoga sababu uzee unambishia hodi, mama anajifua kuogelea avuke bahari mpaka Ufaransa, dogo Jonathan anapenda treni za mvuke ila anaficha shuleni asichekwe, Judy kaanzisha gazeti. Unadhani ni rangi rangi tu za kupamba. Mwishoni kuna kufukuzana kwa treni mbili na kila kimoja kinahitajika, Jonathan anaendesha treni, mama anajirusha majini, na baba Brown, yule mzee mwoga anayefanya kazi ya bima, anajikuta mguu mmoja uko treni hii na mwingine uko treni ile na inabidi apige msamba hewani. Ukumbi mzima unapiga makofi kwa sababu ya msamba wa mzee! Hiyo huwezi kuifanya kwenye muvi ambayo bado inajitambulisha, mbishi.

La hela ntakujibu kwa ufupi, ya pili iliingiza pungufu. Marekani peke yake ya kwanza ilikusanya kama dola milioni 76 na ya pili kama milioni 40. Kwahiyo kama walitaka kukamua, ng'ombe hakutoa kama walivyotegemea, na bado muvi ni bora.

SWALI: Samahani kaka, watoto wangu hawajaona ya kwanza. Niwaanzishie ya pili moja kwa moja au watapotea? (Mama wa Wawili)

JIBU: Waanzishie tu dada, hawatapotea. Mwanzo kabisa wa ya pili wanaonyesha jinsi shangazi na mjomba walivyomuokoa Paddington mtoni akiwa kachanga, hiyo inatosha. Tena kama watoto wako ni waoga, ya pili ni salama zaidi maana adui wake ni wa kuchekesha, ingawa kuna sini moja karibu na mwisho dubu amenasa kwenye behewa linalozama na hapo uwe karibu nao kwenye kochi.

SWALI: Anko kama muvi za familia pati tuu zinaweza kuwa kali, mbona Home Alone 2 ni copy and paste? Dogo kaachwa tena, wezi wale wale tena, mitego tena!! (Mdau)

JIBU: Hahaha mdau, huo ni ukweli mtupu na bado kila mwisho wa mwaka tunaiangalia. Ya kwanza ni 1990, ya pili 1992, mwongozaji Chris Columbus zote na skripti ya John Hughes zote. Hata yule mtu wa kutisha anayegeuka kuwa mwema yupo zote mbili, kwanza alikuwa babu jirani na koleo lake la theluji, pili ni mama wa njiwa kule bustanini New York. Walibadilisha jiji wakaacha mifupa ile ile. Inachekesha sababu matofali yakimpata mwizi usoni yanachekesha tu, hilo halihitaji skripti, lakini yule dogo Kevin wa ya pili hajifunzi kitu ambacho Kevin wa kwanza hakujua.

Linganisha na Shrek 2. Ya kwanza, ya 2001, ile iliyobeba Oscar ya kwanza kabisa ya katuni ndefu, ni hadithi ya zimwi kwenda kumuokoa binti mfalme. Sasa ameshamuokoa, wameshaoana, utamuokoa tena? Wakauliza swali ambalo kila aliyeoa analijua, haya bwana harusi, ukweni utaenda lini? Basi muvi nzima ni zimwi kwa wakwe. Ile sini ya chakula cha jioni ambapo baba mkwe na Shrek wanagombania nyama mezani, majina yanaitwa kwa sauti, mama mkwe hajui ashike wapi, mi naiweka juu ya chochote kilichomo kwenye ya kwanza. Afu ndani humo humo ndo anaingia yule paka wa buti na macho yake ya kuomba msamaha, sauti ya Antonio Banderas, mpaka akaja kupewa muvi zake mwenyewe. Ilitoka 2004, ikapita dola milioni 900 dunia nzima, na mwaka ule hamna iliyoizidi. Kwahiyo wanaosema kitu kizuri hakiuzi nao wapunguze.

SWALI: Nimesikia Paddington 2 ina asilimia 100, yaani ndo muvi bora duniani kuliko zote? Haiingii akilini. (Msomaji wa Kimya)

JIBU: Hapana, na hili linawachanganya wengi. Ile namba ni ya mtandao wa Rotten Tomatoes, na wale hawapimi muvi ni tamu kiasi gani, wanahesabu wakosoaji wangapi wameipenda. Ukosoaji unaosema "sio mbaya, nimecheka kidogo" na ule unaosema "nimelia kwa furaha" vinahesabiwa sawa, kura moja moja. Kwahiyo asilimia 100 maana yake ni kwamba hakuna aliyeichukia, sio kwamba kila mtu kaiona ni ya maisha. Mwanzoni mwa 2018 iliipita Toy Story 2, ambayo nayo ni pati tuu angalia wewe, kwenye wingi wa kura bila hata moja mbaya, afu 2021 ikaongezwa kura moja ya mkosoaji asiyeipenda ikashuka 99. Mtu mmoja tu! Mi simlaumu, kila mtu na ladha yake, ila ningependa kujua siku hiyo aliamkaje.

Hiyo Toy Story 2 nayo, ya 1999, ilianza kama kazi ya kutolewa kwenye kanda tu, sio ya sinema, afu Pixar wakaitazama wakaona haifai wakaibomoa na kuijenga upya ndani ya miezi kama tisa. Humo ndo kuna Jessie, mdoli wa kike, na ule wimbo wa msichana aliyemuacha. Ya kwanza ilikuwa na wivu kati ya midoli miwili, hii inauliza mtoto akikua mdoli unaenda wapi, swali zito kuliko hata za watu wazima.

SWALI: Anko, vipi kuhusu Addams Family Values? Mi na mke wangu tunabishana, ye anasema ya kwanza. (Baba Fulani)

JIBU: Kwenye ndoa yenu siingii ila kwenye muvi umeshinda. Zote ni za Barry Sonnenfeld, 1991 na 1993. Ya kwanza ina nyumba nzuri, nguo nzuri, Raul Julia na Anjelica Huston wanapendana mpaka raha, ila hadithi yenyewe nyembamba, ni kama vichekesho vimefungwa kwa uzi. Ya pili, skripti ya Paul Rudnick, wanamtoa Wednesday, yule binti yao asiyecheka, kwenye lile giza lake wanampeleka kambi ya watoto ya likizo, kwenye jua na nyimbo na walezi wanaocheka muda wote, na yeye kanuna vile vile. Kuna pale wanamlazimisha atabasamu. Kamera inamkalia usoni, Christina Ricci anaanza kuinua midomo taratibu, taratibu, kama mtu anafungua mlango wenye kutu, na watoto wenzake wanaogopa tabasamu kuliko walivyoogopa kununa. Kwingine Joan Cusack anamuwinda mjomba Fester amuoe amuue arithi, na kila mara njama zinagoma. Kwenye hela ilianguka vibaya, Marekani ya kwanza ilipita milioni 113 na hii ikaishia kama 48. Ila leo sini zinazozungushwa mitandaoni ni za ipi? Mwambie shemeji ahesabu.

SWALI: Na ile Paddington ya tatu je? Niiangalie au niishie ya pili? Afu sema ukweli, usitupake mafuta. (Dada Mkweli)

JIBU: Paddington in Peru ya 2024 iangalie dada, ni muvi safi ya siku ya mapumziko, ila usiende na matumaini ya ya pili. Paul King hakuongoza, kaongoza Dougal Wilson, na mama Brown kabadilika, Sally Hawkins hayupo kaja Emily Mortimer. Hilo sio tatizo lake lakini, Mortimer kafanya kazi yake. Mi naona tatizo ni kwamba wamemtoa dubu mtaani kwake wakampeleka msituni kutafuta hazina, na msituni hamna daktari anayesahau funguo.

Unakumbuka kule jela kwenye ya pili? Kawekwa kwenye chumba cha udobi, soksi moja nyekundu imeingia kwenye mashine na sare za wafungwa wote zimetoka za pinki. Wanaume wa kuogofya, wamejaa bwaloni, pinki tupu, wanamtafuta aliyefanya hivyo. Anatumwa akalalamike kuhusu chakula kwa mpishi Knuckles, jitu la Brendan Gleeson ambalo hata askari jela wanalizungukia mbali, na kinachomuokoa ni sandwichi ya mamaledi, ile jemu ya machungwa, aliyokuwa nayo chini ya kofia. Kesho yake wanapika jemu ya machungwa pamoja, keshokutwa kila mfungwa kaja na keki ya bibi yake anayoikumbuka. Dubu mpole yule yule, ila kawekwa mahali ambapo upole unaweza kumuua. Kwenye ya tatu wanyama na mito ndo vinamhangaisha, na mto haubadiliki tabia hata uupe sandwichi ngapi.

Kwahiyo ianze ya tatu, ukimaliza uiweke ya pili usiku huo huo, na ukifika mwisho usizime majina yakianza kupita, Hugh Grant, yule aliyecheza adui wa kuchekesha, bado ana wimbo mmoja wa kucheza akiwa na sare yake ya pinki.