Gereji ya Wasomaji: Zed ya mjomba inatoa moshi, nitie 1JZ?

SWALI: Fundi, sasa? Niko Njoro. Mjomba aliniachia Datsun 240Z, ile tunaita Zed, ya 1972, imekaa bomani kama miaka nane, mwezi jana tukaiamsha ikawaka lakini inatoa moshi mweusi na ikipanda mlima inakohoa. Makanika mmoja hapa Nakuru anasema injini imekufa, nimpe pesa anitafutie 1JZ, injini ya tabo ya Toyota Mark II, ati wiki mbili kazi imeisha. Mke wangu anasema niuze tu. Nifanyeje? – G.

JIBU: G, usiuze, na huyo makanika usimpe pesa bado. Umesema moshi mweusi, si wa bluu. Bluu ni oili inaungua, hapo kweli ringi ama sili za valvu zimechoka. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na kwa gari imelala miaka nane mimi naanza na kabureta kabla hata sijagusa spana kubwa. Kabureta zako mbili ukivuta choki zinashusha jeti (tundu la petroli) chini ili petroli iongezeke, sasa kebo ikishika kutu hazirudi juu, unaendesha na choki siku nzima bila kujua. Fungua boneti, mtu akuvutie ile lever ya choki iko nyuma ya gia halafu aiachilie, wewe angalia kama jeti zote mbili zimerudi. Pia fungua vile vifuniko vya juu ya kabureta uone kama ndani kuna oili, zikiwa kavu gari lazima ikohoe ukikanyaga ghafla.

Halafu kumbuka uko wapi. Nakuru ni mita kama 1,850 juu ya bahari na Njoro imepanda kuliko hapo, hewa imepungua karibu moja ya tano, kwa hivyo kabureta iliyosetiwa Mombasa huku itakunywa petroli ovyo na nguvu utaona zimepotea hata injini ikiwa nzima kabisa. Toa plagi zote sita uzipange kwa gazeti. Masizi makavu meusi, ni kabureta. Zikiwa na oili, pima kompresheni, na usishtuke ukipata chini ya ile imeandikwa kwa kitabu maana ni hewa ya huku, wewe linganisha silinda na silinda tu, moja ikiachwa na zingine mbali ndiyo ina shida.

Tuseme umepima na kweli L24, hiyo injini yako, imekwisha. Bado 1JZ si ya kukimbilia. Tabo sawa, farasi 280, na tabo inasukuma hewa ndani ya injini kwa hivyo haiumizwi sana na mlima, sikatai. Lakini injini ndiyo rahisi kununua, kasheshe ni zile zingine: sampu (bakuli la oili chini ya injini) igonge boriti ya mbele ama isigonge, mauntini za kuchomelea, giaboksi, propela ya kukatwa upya, rejeta, pampu ya petroli ya presha maana yako ya zamani inasukumwa na injini yenyewe na ni ya kabureta. Na wayaringi! Nilishaletewa gari ya kijana mmoja fundi alikata waya za nosikati (ile nusu ya mbele ya gari inauzwa na injini yake) na kisu bila kuandika hata moja, zikafungwa tepu nyeusi kama mkia wa ng'ombe, tulikaa nazo wiki tatu tukifuata waya moja moja na tochi. Huyo naye aliambiwa wiki mbili.

Na breki je? Zed ina diski mbele na dramu nyuma, gari ya kilo elfu moja hivi, uiongezee nguvu karibu mara mbili halafu uteremke Sachangwan na breki za 1972? Difu pia itaanza kulia, ingawa hapo Subaru inasaidia, difu ya Impreza STI ya gia sita ni ya ukoo mmoja na yako, R180, inaingia ukitafutiwa shafti za kuunganisha.

Mimi ningetafuta L28. Ni ndugu ya injini yako, cc 2,753 badala ya 2,393, ilifungwa hata kwa Nissan Patrol za miaka ya themanini. Chukua bloku na hedi, sampu na mauntini tumia zako, inakaa palepale na ukifungua boneti bado ni Datsun. Datsun 240Z ndizo zilishinda Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta, kuweka Toyota ndani mimi roho inakataa, lakini gari ni yako.

SWALI: Nikibadilisha injini Kisumu hapa, polisi watanisumbua? – Msomaji, Kondele

JIBU: Namba ya injini iko kwa logbuku, kwa hivyo lazima uombe NTSA ibadilishwe kupitia eCitizen, na gari iende inspeksheni. Risiti ya injini usitupe. Muuzaji akikataa kukuandikia risiti, hiyo injini mwachie.