Kabla Hujamtoa Mtoto Darasani

Wadogo zangu mnaokuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kazi, nawapenda, lakini mwaka huu mmenichosha mapema. Kila muhula ni yaleyale. OT mpya, yaani mtaalamu wa tiba kazi, anashuka kwenye bodaboda na begi la vikorokoro, anaomba orodha ya watoto "wenye shida", anamshika wa kwanza mkono na kumpeleka nyuma ya stoo wakapange vikombe. Mwalimu wa PP1, chekechea ya mwaka wa kwanza, anashukuru, maana amepunguziwa mmoja kwa nusu saa. Wiki ya tatu mtoto vikombe anavipanga bila kosa, na darasani bado anajikojolea kwa sababu hakuna aliyefikiria atafikaje chooni.

Nimeyasema haya kwa mdomo mpaka sauti imekauka. Sasa nayaandika, asije mtu akaniambia hakusikia.

1. Ukiletewa mtoto wa "mwandiko mbaya", penseli iache kwanza. Inama utazame chini ya dawati. Utakuta mtoto wa PP2 kakalia dawati la Gredi ya Nne, wamebanana watatu, miguu inaning'inia na meza inamfika kwapani. Mkono utaandikaje wakati makalio yanateleza? Chukua katoni, ijaze magazeti, ifunge kwa gundi ya karatasi, iweke chini ya miguu. Ukimaliza hapo ndipo utazame mshiko, na hata hapo tulia: mtoto wa miaka minne anayeshika kwa vidole vinne hana ugonjwa. Wavunjie kreyoni ziwe vipande vifupi na uwape chaki wachore ukutani wakiwa wamesimama. Wanaotumia kushoto waacheni na kushoto kwao. Bibi akilalamika kuhusu mkono wa kulia chakula, zungumzeni chakula, muyamalize ya chakula, na penseli ibaki ilipo.

2. MACS, kile kipimo cha jinsi mtoto mwenye mtindio wa ubongo anavyotumia mikono, inaanzia miaka minne. Chini ya hapo ni Mini-MACS. Sitaki kuliona tena kosa hilo kwenye faili.

3. Viti. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilipata mtoto wa PP1 mwenye CP, yaani mtindio wa ubongo, misuli imekaza miguu yote miwili na mkono mmoja. Darasani alikuwa akilala kwenye mkeka, akijivuta kwa kiwiko kufuata wenzake, na kanzu ya shule ilikuwa imechanika kifuani kwa kusuguliwa na sakafu. Nilipomwona nikasema huyu anahitaji kiti, na kweli alikihitaji. Nikapima upana wa nyonga, nikapima paja na kuacha nafasi ya vidole viwili nyuma ya goti, nikahakikisha nyonga, goti na kifundo vyote vimekaa digrii 90. Fundi seremala alikitengeneza kwa plaiwudi, kikawa na mkanda wa nyonga, kibao cha kukanyagia na meza ya mbele iliyochongwa kuzunguka tumbo. Juu tukakivisha reksini nyekundu, ile ya viti vya matatu, kwa sababu inafutika. Nikapiga picha. Nikaandika maelekezo kwa herufi kubwa, nikatia sahihi na kuyabandika ukutani: MTOTO AKAE KWENYE KITI WAKATI WOTE WA MASOMO.

Halafu nikaenda zangu shule nyingine, nikarudi muhula ukiwa umekatika katikati.

Mama yake ndiye aliyenionyesha. Kidonda kilikuwa juu kidogo ya makalio, mahali mfupa ulipo, na ngozi kukizunguka ilikuwa imelowa na kuwa nyeupe. Pwani, mwezi wa tatu, reksini, mkanda umekazwa tangu asubuhi mpaka mchana. Na mimi, badala ya kujiuliza, nikavuka uwanja moja kwa moja hadi ofisini na kumlalamikia mwalimu mbele ya mwalimu mkuu. Nikasema mtoto kafungwa kama mfungwa. Nilisema hivyo, kwa sauti, na dirisha liko wazi.

Yule mwalimu hakunijibu. Alitoka, akarudi na karatasi yangu mkononi, pini bado imening'inia, akaiweka mezani. Mwalimu mkuu aliisoma kwa sauti. "Wakati wote wa masomo." Kisha akaniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, PP1 ni saa gani ambayo si ya masomo. Michezo ni somo, nyimbo ni somo, hata kunawa mikono ni somo. Mwalimu mwenye watoto wengi vile alikuwa amefanya neno kwa neno nililomwagiza, na mapumziko alimwachia humohumo kwa kuogopa kukosea kufunga mikanda.

La kidonda lilitibiwa, kikapona. Lililonikaa ni jingine. Nilikaa darasani siku hiyo nzima, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kumtafuta fundi, nikaona watoto wenzake wanacheza vizibo vya soda mkekani, na yeye yuko juu, mgongo umenyooka vizuri sana, anawatazama utosini. Zamani akiwa chini walikuwa wanamgombania awe upande wao. Mimi nilimpa mkao nikamnyang'anya marafiki, tena kwa pesa za mchango wa wazazi.

Tulimwomba msamaha mwalimu, yaani nilimwomba mimi, mbele ya walewale waliosikia nikimfokea. Baada ya hapo karatasi tuliiandika pamoja, kwa maneno yake. Kiti ni cha uji na cha kazi za mezani. Dakika 30 hadi 45, kisha anatolewa, analazwa kifudifudi kwenye mto wa mkekani na wenzake, na ngozi inatazamwa kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Reksini tukaivua, tukaweka shuka la pamba juu ya sponji. Mikanda tukaifundisha kwa mikono, yeye akifunga na mimi nikitazama, mpaka akanifukuza.

Kwa hiyo msinione mkali nikiuliza kwanza "na atatolewa saa ngapi?" mkiniletea michoro yenu ya viti.

Na kama fundi ni ghali, kuna viti vya makaratasi: katoni, magazeti na gundi ya unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Mbinu hiyo ilianzia Zimbabwe kwa Bevill Packer na inabeba uzito wa mtoto bila wasiwasi. Kikauke kabisa lakini. Kiti kibichi kinaota ukungu, na panya wanaupenda ule unga.

4. Uji. Mtoto asilazwe mapajani kichwa kimeangalia dari huku anamiminiwa kikombe. Mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kitoke mbele, usubiri ameze. Akikohoa kila mlo, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, acha kujifanya shujaa, mpeleke hospitali.

5. Malengo. "Kuboresha misuli midogo ya mkono" si lengo. "Atafunga vifungo vitatu vya shati mwenyewe baada ya kutoka chooni" ni lengo, na mama anaweza kukuambia kama limefikiwa. Nyie mkiandika la kwanza, EARC, vituo vya Kenya vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, wanalipokea tu kwa heshima. Vituo hivyo vipo tangu 1984, vimewazidi umri ninyi nyote, na vimeona karatasi nyingi.

6. Wazazi wanaita kazi yetu "mazoezi". Waacheni waite. Lakini msiwape orodha ya mazoezi kumi mama anayefua nguo za watu tangu alfajiri. Mwonyesheni jinsi ya kumvalisha mtoto kwa kuanza na mkono uliokaza, basi. Hilo atalifanya kila siku kwa sababu ni lazima avae. Na akikuambia alipita kwa mganga kwanza, usikunje uso. Muulize mganga alimwambia nini, utajua anachokiogopa.

7. Kunywa chai na walimu. Kwenye chai ndiko utakakoambiwa nani anapigwa nyumbani, nani haoni ubao, na nani hajaletwa kabisa kwa sababu baba amekataa. Lete mandazi yako lakini, usiwe mtu wa kula ya wenzio muhula mzima.

8. Fomu za tathmini zigongwe muhuri mapema. Muhuri anao naibu, na naibu Ijumaa huwa hapatikani baada ya saa nne.