Nani awe Sungura?

SWALI: Shikamoo shangazi, mi mwalimu wa msingi huku Mikindani, Mtwara, darasa la sita wanaandaa igizo la kuchekesha lenye nyimbo, sasa nafasi ya Sungura wanaigombania 12 na mwenye sauti tamu kuliko wote akipanda jukwaani anaganda tu. Nimpe nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe anayechekesha, kuimba atajifunza mazoezini ila mtoto anayejua kunyamaza kidogo kabla ya kutoa kichekesho humpati kirahisi, yule wa sauti aongoze kwaya akiwa katikati ya wenzie. Wajaribu wawiliwawili jamani, peke yao wanaogopa. Waliobaki wacheze sindimba, ile ngoma ya Wamakonde, wakongwe wa kuwafundisha si mnao hapohapo? Na majina usibandike ukutani, mwite kila mtoto umwambie mwenyewe, nishaona mtoto akilia kutwa nzima sababu ya karatasi ile.