Jibu: Kwa nini samaki wapungue chini ya bwawa ilhali maji bado yanapita?
Ndugu, swali lako ni la msingi. Ukuta kuwazuia samaki wanaopanda mto kutaga ni sehemu tu ya tatizo. Wengi huanza kutaga wanapohisi mafuriko ya msimu na joto la maji kubadilika. Bwawa huyameza mafuriko hayo, na likifungulia maji ya kilindini wakati wa joto, huwa baridi mno. Tena changarawe wanazotagia hunaswa nyuma ya ukuta. Ngazi za samaki, yaani njia za maji zenye vidaraja za kuwapitisha ukutani, husaidia, hasa wenye nguvu kama samoni, lakini kwangu mimi kufungulia maji kwa kufuata msimu ni lazima. Mto Elwha, Marekani, mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na samoni wakarudi kutaga sehemu za juu za mto, kupita pale mabwawa yalipokuwa.