Namba za Strong si kamusi ya Kigiriki

SWALI: Mimi ni mwinjilisti, nimesoma Kigiriki mwaka mmoja chuoni. Kwenye simu nina namba za Strong, zile zinazoonyesha kila neno la Biblia limetoka neno gani la Kigiriki au Kiebrania. Nataka kamusi moja ya kusomea Agano Jipya, baadaye Septuaginta (Agano la Kale kwa Kigiriki). Wengine wanasema nichukue kamusi ya Thayer kwa sababu ni ya bure, wengine ile iitwayo BDAG. Ipi inafaa, na ipi itanieleza vizuri tofauti ya logos na rhema, ambayo yote mawili hutafsiriwa “neno”?

JIBU: Kwa Agano Jipya chukua BDAG, toleo la tatu la mwaka 2000. Bei inauma, lakini haikutupii visawe tu. Inaeleza maana kwa maneno kamili, kisha inakuonyesha ni mistari ipi yenye maana hiyo. Ukifika kwenye Septuaginta, tafuta kamusi ya Muraoka (2009).

Thayer ni ya bure kwa sababu ni ya mwaka 1886. Wataalamu Grenfell na Hunt walianza kuchimba mafunjo, yaani maandishi ya kale, ya Oxyrhynchus, Misri, mwaka 1896 kwenda 1897. Barua, risiti na mikataba ya watu wa kawaida ndiyo iliyotuonyesha kwamba maneno mengi tuliyodhani ni ya Biblia peke yake yalikuwa yakisemwa sokoni. Thayer hakuwa na hazina hiyo, na kosa si lake.

Sasa hilo la logos na rhema. Hakuna kamusi itakayokueleza “tofauti” hiyo, maana unayoitafuta ni ya mimbarini: ati logos ni neno lililoandikwa, rhema ni neno lililofunuliwa kwako binafsi. Fungua 1 Petro 1. Mstari wa 23 ni logos, wa 25 ni rhema, na Petro anazungumzia neno lile lile. Kisha nenda Mathayo 12:36: lile “neno lisilo maana” tutakalotolea hesabu ni rhema. Huo nao ni ufunuo?

Agape (upendo) inatendewa vivyo hivyo, ati ni upendo wa Kimungu tu. Katika Septuaginta, 2 Samweli 13, tamaa ya Amnoni kwa Tamari inaelezwa kwa agapao, kitenzi cha agape. Dema aliyeupenda ulimwengu huu (2 Timotheo 4:10) ni agapao pia. Na wale wanaohubiri kwamba dunamis (nguvu) ni baruti, kwa kuwa jina dainamaiti limetokana nalo, Nobel alisajili dainamaiti yake mwaka 1867. Paulo angeijulia wapi?

Mengi ya haya huanzia kwenye hizo namba za simuni. Strong alitoa konkodansi yake, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mistari yalimo, mwaka 1890 ili kumsaidia msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya King James kupata mistari. Chini ya kila namba kuna maneno waliyotumia watafsiri wale, kila moja kwa mahali pake. Mhubiri anaisoma orodha hiyo kama menyu ya hoteli, anaagiza linalomnogea, kisha anatangaza “kwa Kigiriki cha asili”. Waumini wanaitikia amina, nani atamhakiki?

Siku hizi kuna hata wanaouza cheti cha Kigiriki cha wiki mbili kwa WhatsApp. Kabla hujamtumia pesa mwalimu wa namna hiyo, mwombe akusomee Marko 1:1-8 kwa Kigiriki, kwa sauti, simu ikiwa mezani.