Kumbukumbu za vikao: ushauri kwa mnaoanza kazi ya tiba ya kisaikolojia

Nikipitia mafaili ya washauri wanaoanza kazi, hukutana na kumbukumbu za aina mbili. Kuna anayejaza kurasa kwa kikao kimoja, akaweka kila alichoambiwa, hadi jina la hawara wa mume wa mteja na ugonjwa wa shemeji yake. Na kuna anayeandika mstari mmoja tu: "Kikao kimeenda vizuri, tutaendelea wiki ijayo." Wa kwanza anaogopa kusahau, wa pili anaogopa siri isivuje. Hofu zote mbili ni za mtu anayejali, lakini hakuna kati yao aliyemlinda mteja.

Faili lipo kwa ajili ya matibabu. Ukiugua ghafla na mwenzako akampokea mteja wako, inatakiwa alisome, ajue mmefika wapi na mnaelekea wapi, bila kumlazimisha mtu yule asimulie upya machungu yake tangu mwanzo. Kwa hiyo kila sentensi naipima hivi: nikiiondoa, huduma ya mteja huyu itapungukiwa? Kama haitapungukiwa, sentensi hiyo inambebesha hatari bure. Ugomvi wa ndoa unaomnyima usingizi, andika. Jina la hawara halimtibu mtu. Ugonjwa wa shemeji unaweza kuwa "hofu kuhusu afya ya ndugu wa karibu" na ikatosha. Kumbukeni kwamba shemeji hakuwahi kuketi mbele yako wala kukupa ridhaa ya lolote.

Mfumo unaofundishwa sana ni SOAP, uliotokana na kazi ya daktari Lawrence Weed wa Marekani katika miaka ya 1960. Una sehemu nne: maelezo ya mteja mwenyewe, mambo uliyoyaona, tathmini yako, na mpango. Iko mifumo mingine, na kituo chako huenda kina fomu zake. Sina ugomvi nazo. Ninachokipenda katika huu ni kwamba unakulazimisha kutenganisha ulichosikia, ulichoona na unachofikiri, na hapa ndipo wanaoanza huteleza zaidi.

Chukua mfano niliouunda kwa ajili ya mafunzo. Mtu ameandika: "Mteja ni mkaidi, hataki kubadilika." Hapo hakuna kilichosikika wala kuonekana, kuna hukumu tu. Sasa soma hii: "Nilipouliza kuhusu zoezi la wiki iliyopita, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, 'Sikuona maana ya kulifanya.' Alitazama chini. Huenda zoezi lilikuwa zito kwa hatua aliyofikia. Tumekubaliana kulipunguza." Msomaji wa maandishi haya anaweza kuipinga tathmini yangu na bado akapata pa kuanzia ili afikie ya kwake. Ile ya kwanza inamfunga. Faili humfuata mtu, na neno kama "mkaidi" au "anapenda kuonewa huruma" likishaandikwa, mtaalamu anayefuata humwona mteja kupitia neno hilo kabla hajamsikia. Kisha mjue kwamba mahali pengi mteja ana haki kisheria ya kuomba kusoma faili lake. Akilisoma, hata asipokubaliana nawe, ajione ameheshimiwa.

Kuna eneo moja ambalo ufupi ni kosa: hatari ya kujidhuru, kujiua au kumdhuru mwingine. Hapo andika kwa urefu. "Amekana mawazo ya kujiua" haitoshi. Andika ulichouliza, alichojibu kwa maneno yake, kama ana mpango, kama njia anayoifikiria iko karibu naye, ni nini kinachomshikilia maishani, umefanya nini, umemwita nani. Kama ulishauriana na msimamizi wako, andika lini na mlikubaliana nini. La muhimu kuliko yote, andika sababu za uamuzi wako, pamoja na hatua ulizozifikiria ukaziacha. Anayempokea mteja usiku wa dharura anazihitaji sababu hizo kuliko kitu kingine chochote kilichomo ndani ya faili.

Wengi huniuliza kuhusu daftari la pembeni, lile la kuandika dhana zako na hisia zako juu ya kikao. Nchini Marekani sheria ya HIPAA, inayolinda taarifa za afya za watu, inatambua maandishi ya namna hiyo na kuyapa ulinzi wa ziada, kwa sharti kwamba yatunzwe mbali na faili kuu. Dawa, saa za kikao, utambuzi wa ugonjwa, mpango na maendeleo haviwezi kufichwa humo. Usidhani kwamba kila nchi ina utaratibu huo. Mahali pengine daftari lako ni sehemu ya kumbukumbu, na mahakama inaweza kuliagiza. Fahamu sheria ya unapofanyia kazi kabla ya kuandika neno la kwanza.

Kuhusu ulinzi, someni yaliyotokea Finland. Mwaka 2020 ilijulikana hadharani kwamba kumbukumbu za wateja wa kituo cha tiba cha Vastaamo zilikuwa zimeibwa na wadukuzi. Walioathirika walizidi 30,000. Kampuni ilipotakiwa kuwalipa wezi hao ili siri zisitolewe na isilipe, wateja wenyewe walianza kupokea barua pepe: lipa, ama siri zako zitawekwa wazi. Baadhi ya maandishi ya vikao yaliwekwa kwenye intaneti. Kampuni ilifilisika mwaka 2021. Najua wengi wenu hamna mamlaka juu ya mitambo ya mwajiri, lakini mna mamlaka juu ya simu zenu. Usiandike habari za mteja kwenye kundi la kuchati, usijitumie faili kwa barua pepe binafsi, usiache skrini wazi unapotoka kumpokea mteja mwingine. Na programu zinazorekodi kikao na kukiandika zenyewe zisiguswe bila ridhaa ya mteja na bila kujua sauti ile inahifadhiwa wapi.

Andika siku hiyohiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Ukichelewa, weka tarehe ya kikao na tarehe ya kuandika, zote mbili. Ukikosea, usifute: pitisha mstari mmoja ili ya zamani isomeke, andika maneno yaliyo sahihi, tia tarehe na saini. Amri ya mahakama ikishafika, usibadilishe hata nukta. Mpigie msimamizi na mwanasheria.

Haya yote mteja ayajue tangu kikao cha kwanza: unaandika nini, nani anaweza kusoma, na katika hali zipi usiri una mpaka. Mwambie kwa lugha nyepesi, usimpe fomu tu atie saini.

Mwisho, muda wa kutunza. Mwongozo wa mwaka 2007 wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, unapendekeza miaka 7 baada ya huduma ya mwisho. Kwa mtoto, ni miaka hiyo 7 au miaka 3 baada ya kufikia utu uzima, kutegemea muda upi unachelewa zaidi kuisha. Sheria ya nchi yako ikisema vingine, ifuate hiyo. Na kama unafanya kazi peke yako, chagua leo mtaalamu mwenzako atakayepokea mafaili ukifariki au ukishindwa kazi, mkubaliane kwa maandishi, na umweleze funguo na nywila zinapatikanaje. Familia yako isije ikawa ndiyo inayofungua kabati hilo.