Pengo la watoto 24 ambalo ripoti zangu za mwezi hazikulionyesha

Wiki iliyopita muuguzi mwenzangu wa zahanati jirani aliniandikia: "Dada, chati yenu ya chanjo mistari miwili inakaribia kugusana. Mnafanyaje?" Nilifurahi sana kuulizwa, kwa sababu miaka mitatu iliyopita chati hiyohiyo, yenye mstari wa watoto wanaoanza chanjo na mstari wa wanaofika dozi ya tatu, ilinitoa machozi.

Wakati ule niliandika idadi ya mwezi tu. Lengo letu lilikuwa watoto 240 kwa mwaka, yaani 20 kwa mwezi. Januari Penta 1 (dozi ya kwanza ya chanjo ya pentavalenti, inayokinga magonjwa matano) watoto 20, Penta 3 (dozi ya tatu) watoto 15. Februari 19 na 17. Machi 18 na 14. Nikajiambia waliobaki watakuja mwezi ujao, nikafunga ripoti. Chati ya ukutani ilikaa tupu.

Julai, kwenye kikao cha wilaya, mratibu alijumlisha miezi yangu sita mbele ya wenzangu. Penta 1: 118. Penta 3: 94. "Sista, watoto 24 wako wapi?" Sikuwa na jibu. Hiyo ni asilimia 20 ya walioanza, na utoro, yaani kuanza chanjo bila kufika dozi ya tatu, ukipita asilimia 10 tu tayari ni tatizo. Angeweza kuniita pembeni. Hilo linaniuma mpaka leo, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Ni kweli Penta 3 hutolewa wiki ya 14, kwa hiyo za Januari ni za watoto walioanza mwaka wa nyuma. Ila pengo linalokua miezi sita mfululizo halina kisingizio hicho.

Niliporudi nikaanza jumla limbikizi. Chini ya idadi ya mwezi unaandika jumla tangu Januari. Penta 1 ikawa 20, 39, 57, 79, 99, 118. Penta 3 ikawa 15, 32, 46, 64, 80, 94. Sasa tazama pengo: 5, 7, 11, 15, 19, 24. Ningekuwa nachora, Machi ningeshituka.

Tukafungua kitabu cha watoto, yaani rejesta yenye majina ya waliochanjwa, tukatoka na mhudumu wa afya wa kijiji. Akina mama wengi walikuwa wamehamia mashambani kwa msimu wa kilimo, kwa hiyo tukapeleka huduma ya mkoba, yaani kubeba chanjo na kuwafuata walipo, hukohuko. Kufikia Septemba tulikuwa tumewapata 19.

Ndugu zangu, jumlisheni! Siku ileile mnayofunga mwezi, si robo mwaka ikiisha. Ukikosea mwezi mmoja, kosa linatembea hadi Desemba, hivyo sahihisha kuanzia mwezi huo kushuka chini. Anayetumia Excel, idadi za mwezi zikiwa safu ya B kuanzia B2, aandike =SUM($B$2:B2) kwenye safu ya pembeni kisha aivute chini; alama za dola zinashikilia mwanzo usihame. Januari unaanza tena na sifuri.

Na wewe dada uliyeniuliza, chukua miezi uliyokwisha kufunga uijumlishe leo. Ukiona pengo limeanza, tafuta majina kitabuni kabla hujaandika ripoti ya mwezi huu.